Usiku wa Vioski vya Maji

Stima ilipotea mara mbili usiku ule, na mara zote mbili nilimwomba Mungu betri ya laptopu isizime kabla swali langu halijajibiwa. Nilikuwa nimelituma kwa hifadhidata, yaani ghala la data ndani ya kompyuta, saa kumi na mbili jioni. Kufikia saa sita usiku feni ilikuwa bado inavuma kama kinu cha posho, na kwenye skrini hakuna hata mstari mmoja wa jibu.

Ilikuwa Aprili 2018, mvua ya masika imeishika Nairobi. Swali lenyewe, kwa maneno ya kawaida, lilikuwa jepesi: ni nyumba zipi za Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambazo hazina kioski cha maji ndani ya mita 200? Mita 200 si kitu kwa mtu anayetembea mikono mitupu. Kwa mama aliyebeba mtungi wa lita 20 mgongoni, yaani kilo 20, akikanyaga matope ya Mukuru, hiyo ni safari. Wawakilishi wa mitaa walikuwa wanakutana Jumamosi saa nne asubuhi kujadili vioski vipya viombewe wapi. Ramani niliwaahidi mimi.

Nilikuwa na nyumba laki mbili hivi, zilizochorwa kutoka picha za setilaiti, na vioski kama elfu mbili. Ukipima kila nyumba na kila kioski, hivyo ni vipimo milioni 400. Lakini nilijua dawa yake, na hilo ndilo lililoniuma. Chuoni tulifundishwa mti-R, ule aliouandika Antonin Guttman mwaka 1984: kila umbo unalifunga ndani ya mstatili, mistatili iliyo jirani unaifunga ndani ya mstatili mkubwa zaidi, hivyo hivyo hadi juu, ili mashine iruke mstatili ulio mbali bila kupima kilichomo. Faharasa ya namna hiyo, yaani orodha ya kutafutia haraka, nilikuwa nimeshaijenga tangu Jumatatu.

Mwalimu alifika saa kumi na mbili asubuhi, koti linachuruzika maji. Ndivyo tulivyomwita, mpima ardhi mstaafu aliyekuja kutusaidia kukagua ramani. Aliniangalia macho, akaweka chupa ya chai mezani.

"Kijana, hukulala."

"Sikulala, Mwalimu. Hili swali limekataa."

Hakujua kuandika hata amri moja ya hifadhidata. Ila alinieleza jinsi walivyofanya kazi na karatasi za ramani za 1:50,000, kila moja na namba yake. Nairobi ni 148/4. "Nikitafuta kisima cha Embakasi, nitafungua karatasi ya Kisumu?"

"Hapana."

"Basi uliza mashine yako inafungua karatasi zipi."

Nikaiuliza. Kabla ya kukimbiza swali, hifadhidata inaweza kukuonyesha mpango wake, na mpango ulisema wazi: itasoma jedwali zima la vioski kwa kila nyumba. Faharasa yangu haikuguswa. Nilikaa nikiutazama huo mstari, chai ikipoa, hadi nikaona. Data nilikuwa nimeihifadhi kwa digrii za longitudo na latitudo, na faharasa iliijua kwa digrii hizo. Ndani ya swali nilikuwa nageuza kila umbo kuwa mita, kwa mfumo wa ramani uitwao UTM, kanda ya 37 Kusini, kisha napima umbali, kisha nauliza kama haufiki 200. Maumbo hayo ya mita hayakuwa yamehifadhiwa popote. Mashine haikuwa na la kufanya ila kugeuza na kupima, kugeuza na kupima, mara milioni 400.

Nikaligeuza kila umbo mara moja tu, nikalihifadhi kwenye safu mpya, nikajenga faharasa juu ya safu hiyo. Badala ya kupima kwanza na kulinganisha baadaye, nikatumia ST_DWithin, amri ya hifadhidata ambayo hupanua mstatili wa nyumba kwa mita 200 kila upande na kuuliza faharasa ni vioski gani vimeangukia humo. Vya nje havipimwi kabisa. Vya ndani ndivyo vinavyopimwa kwelikweli, kwa sababu pembe za mstatili hudanganya: kona iko umbali wa kama mita 283, siyo 200.

Nikabonyeza. Sekunde kumi na moja.

Mwalimu alisema tu, "Haya, chapisha," lakini nilimwona akitabasamu.

Mkutanoni, ramani ikiwa ukutani na nyumba zisizo na maji karibu zimewekwa rangi nyekundu, mama mmoja kutoka Mukuru alisimama akaweka kidole kwenye kioski kimoja. "Hiki kimekauka tangu mwaka jana, na nyinyi mmetuandikia tuna maji."

Nilifungua laptopu palepale. Nikakifuta kioski, nikauliza upya, wote wakingoja kimya. Nyekundu ikatanda uchochoro mzima.

"Eeh," akasema. "Sasa hapo ndipo kwetu."

Nyuma yake mzee wa Kayole alikuwa tayari ameinua mkono.