Kofia ya mjomba na imani ya mjomba

Mjomba wangu analima korosho Tandahimba na tangu nimemjua hajawahi kubadilisha chama, kadi anayo, kofia anayo, hata bendera ipo imefungwa kwenye mwembe mbele ya nyumba. Msimu uliopita nilienda kumsaidia kuokota, jioni tumekaa mkekani anasikitika kuhusu makato kwenye hela ya korosho, nikamuuliza, mjomba, hayo unayoyalalamikia hapa, ni mwanasiasa gani umewahi kumsikia akiyasema kwa mdomo wake? Akanyamaza. Asubuhi tunaenda shamba ndo akanijibu, akamtaja mbunge mmoja wa zamani wa chama kingine kabisa, ambaye yeye hakumpa kura hata siku moja.

Basi hilo jibu lilinikaa kichwani mpaka narudi Mtwara mjini. Nikanunua daftari, nikaenda nalo kijiweni, nikawaambia wenzangu leo tusihesabu watu kwa rangi za fulana, tuhesabu kwa kile wanachokiamini, halafu kila kundi tulitafutie ni nani aliyewahi kulisemea. Tulidhani ni kazi ya jioni moja, mpaka sasa hatujamaliza.

Ukurasa wa kwanza ni watu wa ushirika. Hawa wanaamini stakabadhi ghalani, ule mfumo ulioanza 2007, mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinaenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, hela inakuja baadae. Wanakumbuka zamani mnunuzi anakuja hadi barazani kwako na mizani yake na bei yake, huna pa kusemea. Ukurasa wa pili ni watu wa kijiji hichohicho na wengine wa nyumba hiyohiyo, wanaamini mwenye mkorosho aachiwe amuuzie anayemtaka na alipwe mkononi, kwasababu mtoto anatakiwa shule leo, sio siku chama kitakapolipa. Na hapa niseme wazi, mama anayeuza korosho kwa bakuli kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, kabla msimu haujafunguliwa mi simuiti mhalifu, ana njaa na salfa, ile dawa ya mikorosho, hajalipia, na sijaona mgombea anayepanda jukwaani kumuongelea huyo mama zaidi ya kumtisha.

Ukurasa wa tatu gesi. Huu ndo uliotuchukua muda mrefu maana kila mtu ana kidonda chake. Desemba 2012 watu waliandamana hapa mjini kupinga bomba la kwenda Dar, Mei 2013 ikaja ile siku ya bajeti ya nishati, mji ukawaka moto, watu wakafa. Bomba likajengwa na likazinduliwa Oktoba 2015, mwezi uleule wa uchaguzi, na Mtwara Mjini ikaenda CUF kwa Maftaha Nachuma, Tandahimba CUF, Mchinga CUF, Kilwa Kusini CUF, na Ndanda ikaenda CHADEMA. Wengi wakasema Kusini imehamia upinzani. Mi naona sio hivyo, watu walikuwa na imani moja tu, kwamba kinachotoka hapa kianze kunufaisha hapa, na mwaka ule waliona kuna watu wameibeba wakawapa kura. Wangeibeba wengine wangewapa hao wengine.

Ukitaka ushahidi angalia Juni 2018. Sheria ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazoenda nje irudi kwenye zao, kwenye pembejeo na miche na utafiti, ukaja muswada kwamba hela yote iende mfuko mkuu wa serikali. Hapo wabunge wa Kusini wa CCM na wa upinzani wakasimama upande mmoja, Nape Nnauye, wakati ule mbunge wa Mtama kwa CCM, alipinga sawa na wa CUF. Muswada ulipita, lakini kwa siku zile chache wakulima wa korosho walikuwa na wawakilishi wao kabisa, na mstari haukupita kati ya chama na chama, ulipita kati ya wenye mikorosho na wasio nayo.

Ndomana nang'ang'ania kwamba mgombea umsome kwenye Hansard, yaani kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, sio kwenye bango. Hansard zipo kwenye tovuti ya Bunge, mtu yeyote mwenye bando anafungua. Wajerumani tangu 2002 wana kitu kinaitwa Wahl-O-Mat, unajibu maswali kuhusu unachokiamini halafu inakuonesha vyama vinavyokaribiana na wewe. Sisi daftari linatosha kuanzia.

Ila kuna mahali daftari linagota. Jimbo moja mbunge mmoja, anayeongoza kwa kura hata moja anachukua, sasa kurasa zangu tatu atazibebaje mtu mmoja wakati ya kwanza na ya pili zinapingana? Wenzetu hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wana viti 250 na wanagawana kwa kura za chama mkoa kwa mkoa, kwahiyo kundi lisiloshika namba moja nalo linaweza kupata mtu. Kwetu kura za chama zinagawa viti maalum vya wanawake, na chama lazima kifikishe asilimia 5. Halafu huruhusiwi kugombea bila chama, Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba hilo linavunja haki, na bado hatujabadilisha. Na mbunge akihama chama ubunge unakoma, kama wa Liwale alivyotoka CUF 2018 akarudi kugombea kwa CCM akashinda. Simlaumu, nauliza tu, wale waliompa kura 2015 imani yao ilihama nae au ilibaki Liwale?

Kilichoniuma zaidi ni ukurasa wa nne, wa wavuvi. Wa Msimbati na vijiji vya jirani wanaishi ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000, wana mawazo yao mazito kuhusu nyavu na wapi pa kuvua, na pale pa kuandika nani amewasemea pamebaki peupe. Jumamosi nachukua boti navuka Msanga Mkuu kuuliza wenyewe.

Jana mjomba kapiga simu. Nilikuwa nimemuandika kwenye ukurasa wa ushirika, nikamsomea. Akasema, mpwa wangu, niandike na ule wa pili, maana mwezi wa tisa huwa siwezi kusubiri.