Jinsi nilivyoacha kusahau vitu vya bwenini

Kwa mihula miwili mfululizo nilifika bwenini nikiwa na shuka, vitabu na nguo za kutosha, lakini usiku wa kwanza niliumwa na mbu, kwani chandarua nilikuwa nacho na kamba za kukitundikia sikuwa nazo. Nilinakili orodha ya rafiki, kisha nikajaribu kufunga begi siku tatu mapema. Bado kabati lilikosa kufuli.

Kabla ya muhula huu kuanza nilishinda nyumbani na daftari mkononi tangu kuamka hadi kulala, nikiandika kila kitu nilichokigusa. Kilicholeta tofauti ni kuandika papo hapo, si jioni, kwa sababu vinavyosahaulika ni vile vya nyumba ambavyo hakuna anayevihesabu kuwa vyake: kopo la kuogea, vibanio vya nguo, kisu kidogo, ekstensheni. (Kandambili niliziandika mara tatu.) Hatimaye nilifunga kamba nne kwenye pete za chandarua kabla ya kukikunja, na funguo moja ya kufuli nikaitia kwenye pochi, mbali na nyingine.

Nilifika saa mbili usiku, na chandarua kilitundikwa kabla ya begi kufunguliwa lote.