B450 au B550? Flashi ya mama wa kwaya ndiyo iliyoniokoa

Nilikuwa naunda kompyuta, nachagua ubao mama, ule ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake: B450 au B550. Watu watatu walinishauri, na wote watatu nusura wanimalizie pesa. Wa kwanza ni muuzaji wa duka moja hapa Kisumu mjini. "Mkubwa, chukua B550. Namba ikipanda, mashine nayo inapanda." Kana kwamba tunapima viatu.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nilikuwa nayo tayari, Ryzen 5 5600G, ya mkono wa pili. Soketi yake, yaani tundu inamokaa ubaoni, ni AM4, kwa hiyo B450 ya 2018 na B550 ya 2020 zote zinaipokea. Sifa kubwa ya B550 ni PCIe 4.0, njia ya kasi ya diski na kadi ya grafiki. Lakini 5600G yenyewe inaishia PCIe 3.0! Hata uiweke kwenye ubao wa dhahabu, haitazidi hapo. Muuzaji nilipomwambia hivyo akaanza kupangusa kaunta.

Nikaomba zote mbili zitolewe kwenye maboksi. B550 ya bei niliyoiweza ilikuwa na nafasi mbili tu za ramu, na vile vipande vya kupitisha umeme kando ya soketi vilikuwa wazi, havina kitu juu. B450 ilikuwa na nafasi nne, na juu ya vipande hivyo bamba zito la alumini la kupoza joto. Mimi nahariri video za harusi katika chumba cha mabati Nyalenda. Saa nane mchana hapo ndani ungeweza kuchemsha chai bila jiko. Nikachukua B450, nikabaki na kama elfu tano hivi. Nilitoka nikitembea kama mbunge.

Nyumbani nikafunga kila kitu, nikawasha. Feni zinazunguka, skrini giza.

Nikatoa ramu, nikarudisha. Nikatoa betri ile ya duara ya ubaoni. Giza. Binamu yangu akasema ninunue prosesa ya zamani ya kuuamshia ubao. Fundi mmoja wa simu na kompyuta akaikagua dakika moja: "Hii imekufa, ndugu. Niachie nitolee spea." Spea! Ubao una siku mbili!

Haukuwa umekufa. Ulikaa dukani muda mrefu, na baiosi yake, ile programu ndogo inayouamsha ubao, ilitengenezwa kabla 5600G haijatoka 2021, basi haikuitambua. Na nyuma yake, kando ya tundu moja la USB, kulikuwa na kitufe kidogo nilichokuwa nimekidharau. Kitufe hicho kinaandika baiosi mpya kutoka kwenye flashi, hata bila prosesa wala ramu, mradi nyaya mbili za umeme zimechomekwa, ule mpana na ule wa pini nane. (Ule wa pini nane niliusahau mara ya kwanza. Tusiliongelee.)

Nikapakua faili la baiosi kwa laptopu ya binamu, nikaliita jina lililotajwa kwenye kijitabu, nikaweka kwenye flashi yangu ya GB 64. Nikabonyeza. Taa ikapepesa mara tatu, ikazima. Nikarudia hadi kidole kikauma. Kumbe ubao unataka flashi ya FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, na Windows ya laptopu ile, nilipojaribu kuifomati (kuifuta na kuipanga upya) flashi kubwa kuliko GB 32 kwa njia ya kawaida, haikunipa chaguo hilo.

Nani bado ana flashi ndogo? Jirani yangu, mama wa kwaya. Yake ni ya GB 4, imefungwa uzi mwekundu, inaishi kwenye redio yake.

"Mama, naomba flashi yako hadi kesho asubuhi."

"Kesho ni Jumamosi, mwanangu, tuna mazoezi. Ukinifutia nyimbo nitakuja kulala kwako."

Nikanakili nyimbo zote kwenye laptopu, nikafomati. Lakini ngurumo zilikuwa zimeanza upande wa ziwa, na mvua ikija huku stima nayo huaga. Ikipotea katikati ya kuandika baiosi, unabaki na ubao wenye nusu ya akili. Nikasubiri hadi saa kumi na moja alfajiri, nikabonyeza, nikakaa nimeikodolea ile taa kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Ikapepesa dakika kadhaa, ikatulia. Nikarudisha prosesa na ramu, nikawasha. Nembo ikatokea. Nilipiga kelele, mbwa wa plotini wakaitikia.

Flashi niliirudisha saa mbili, nyimbo zote zikiwemo. Saa nne mama akagonga mlango: redio sasa inaanza na wimbo wa mazishi, na ule wa kuingilia umekuwa wa tisa.