Chakula kile kile, mara sita

Msimamizi wetu katika kituo cha kuzalisha vifaranga wa samaki alikuwa mzee asiyependa mabishano. Nilipomwambia kwamba vifaranga wa sato wasingekua vizuri kwa kulishwa asubuhi na jioni tu, alinijibu, "Haya kijana, wagawe tuone."

Tukachukua vifaranga walioanguliwa pamoja, tukawatia kwenye matangi mawili, idadi sawa, maji yale yale. Kila tangi likapangiwa unga wa uzito ule ule kwa siku. La kwanza lilipewa kwa mikupuo miwili. La pili lilipewa mara sita, kidogo kidogo, tangu jua linapopanda hadi linapokaribia kuzama.

Kulisha mara sita kunachosha, lakini ndiko kulikonifundisha kumtazama samaki. Kifaranga mchanga ana ngozi nyembamba mno. Ukimteka kwenye bakuli jeupe, tumbo lake unaliona: akishiba linatuna na kuchukua rangi ya unga, na baada ya saa chache limeshanywea. Sato hana tumbo kubwa la kuweka akiba. Kwa asili yake hushinda akidonoa mwani na vijidudu mchana kutwa. Basi ukimpa chakula cha nusu siku kwa mara moja, anakula anachoweza, kingine kinalowa na kuzama. Kile kilichozama kinaoza, kinaongeza amonia, sumu kwa samaki, na kula oksijeni ambayo samaki wenyewe wanaihitaji. Chini ya tangi la kwanza utando wa mabaki haukukosekana, hata tulipofyonza kila siku.

Siku ya kupima, mzee alisimama begani kwangu nikisoma mizani. Tangi la pili lilikuwa na uzito zaidi, na hilo nililitarajia. Kilichonishtua ni umbo la kundi. Huku walikuwa karibu wanalingana. Kule kwenye tangi la kwanza kulikuwa na majitu machache na kundi kubwa la waliodumaa.

"Hawa wadogo wanaumwa?"

"Hapana, mzee. Wakubwa wanawahi unga, wao wanasukumwa pembeni. Mlo unaofuata uko mbali."

Akanyamaza, kisha akauliza kuhusu matangi ya kambale. Swali zuri sana, kwa sababu kwa kambale madhara ni mabaya zaidi: vifaranga wenye njaa na wasiolingana hulana wao kwa wao.

"Na tukiwalisha mara kumi?"

Nikamwambia haina faida kubwa, kwani tumbo ambalo bado limejaa halihitaji kujazwa tena. Akaagiza wote walishwe kila baada ya saa mbili wakiwa wachanga, tupunguze hadi mara nne, kisha tatu kadiri wanavyokua. Waliodumaa tuliwachambua kwa wavu, tukawapa tangi lao. Wengi wao walinenepa haraka pasipo wakubwa wa kuwasukuma. Wachache walibaki wadogo hadi tulipouza kundi zima.