Kioo cha oili

Jumapili usiku, nimeshaoga mara mbili na mikono bado inanuka oili. Ningelala, ila kuna maneno manne ya mzee, fundi mkuu wetu pale gereji, yamenikaa kooni tangu Jumanne.

"Basi kesho utavunja kingine."

Ilikuwa ile pikipiki ya mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, mnaijua, ile ambayo harufu yake hutangulia kufika gereji. Ilikuwa inavuja pembeni mwa kile kioo kidogo cha kuangalia kiwango cha oili, kwenye kava la klachi. Fundi aliyetutangulia alikizungushia gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, akailaza kwa kidole. Alama za kidole chake bado zinasomeka. Gundi imekauka kama jiwe na oili imejitafutia njia. Kipya sikukipata, nimezunguka maduka ya spea mjini mpaka visigino vikaniuma, kwa hiyo hicho hicho cha zamani lazima kitoke kizima, kibadilishwe mpira, kirudi.

Nikamwaga oili, nikatoa kiki, nikafungua bolti zote za namba 8 na kuzichomeka kwenye kipande cha boksi kama zilivyokaa, maana urefu haulingani. Bisibisi sikuigusa. Plastiki iliyokaa miaka yote hiyo kwenye oili ya moto, ukiichokonoa tu imepasuka. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, nayo nikaiacha, ingekitia ukungu. Nikaenda kuomba maji ya moto kwa mama lishe. Akaniambia sufuria yake haipiki vyuma. Nikarudi na kopo langu la rangi, akanimiminia huku anasonya. Maji yakipoa nakwenda kuomba mengine. Mara ya tatu gundi ikalegea kama ukoko wa wali uliolowekwa, nikaikwangua kwa kijiti cha mishikaki. Halafu nikasukuma toka ndani kwenda nje, kwa mpini wa nyundo niliouvika kitambaa, ukingoni tu, huku kidogo na kule kidogo. Kikatoka kwa mlio wa kizibo cha chupa ya chai. Nusura nipige kigelegele.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, mzee."

"Kizima?"

"Kizima."

Akakipokea, akakiinua juani, akakigeuza. Ndipo akasema yale maneno, akanirudishia, akaenda kunawa.

Kama ni utani, mbona hakucheka? Kama ni onyo, nimekosa nini? "Basi" yake ilikuwa nyepesi kabisa, kama mtu anayekwambia basi kesho mvua. Nimeirudia kichwani kwa sauti yake, nikairudia kwa sauti yangu, kila mara inauma mahali tofauti. Dada kaniambia wazee hawajui kusifu, nilale. Sijawahi kumwona mtu aliyepata usingizi kwa kuambiwa lala.

Jumatano sikuvunja kitu. Alhamisi mwenye pikipiki akaichukua, haivuji, akalipa nusu kama kawaida yake. Jana tulikuwa Sengerema kwenye harusi ya binamu, tumevuka darajani Busisi kwa dakika chache pale tulipozoea kungoja kivuko, bibi harusi kapendeza, mama kalia, na mimi kanisani nawaza "kingine" kipi.

Leo mchana nikapita gereji kufuata chaja niliyoisahau. Mzee yuko peke yake, anatafuta mpira fulani. Akashusha kopo la Kimbo toka juu ya rafu, akalimimina kwenye gunia. Vioo vya oili. Kumi na kitu, vyote vibovu: vingine nusu, vingine nyufa tupu, kimoja kina tundu la bisibisi katikati kama kimepigwa risasi. Nikachuchumaa kuviangalia. Sikusema neno, na yeye hakuniangalia.

"Hicho cheusi ni cha mwaka jana," akasema, akaendelea kupekua.

Nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka Buzuruga, konda akaniuliza kama nimelipa.

Sasa usingizi ungekuja, ila mdogo wangu aliyekwenda Nansio, kule kisiwani Ukerewe, juzi alinitumia ule ujumbe wa "tafadhali nipigie" saa nane mchana, na tangu hapo simu yake haipatikani. Labda chaji. Leo ziwani kulikuwa na upepo.