Bustani ya kuvu kabatini

Umetimia mwaka mmoja tangu nilipoanza kufuga sisimizi wakata-majani, Atta cephalotes wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, nyumbani kwangu hapa Ujerumani. Wageni hudhani majani ndiyo chakula chao. La hasha, huyatafunatafuna na kuyapandia kuvu, ambayo ukiitazama kwa karibu inafanana na sponji ya kijivu yenye matundu, na ndiyo inayolisha watoto wao. Hivyo ninachokifuga hasa ni kuvu, nayo ina madeko: hutaka joto la nyuzi 24 hivi na unyevu mwingi.

Mwezi Februari niliwapa majani ya waridi la dukani, ambayo nashuku yalikuwa yamepuliziwa dawa. Baada ya siku chache upande mmoja wa bustani uligeuka kahawia, nao wakaubomoa kipande kwa kipande na kuupeleka kwenye chumba cha taka. Sikulala vizuri wiki hiyo. Siku hizi huwachumia majani msituni mwenyewe.

Jana usiku mmoja wao alipita amebeba jani kubwa kuliko yeye, na juu yake amepanda mwenzake mdogo mno, kama utingo juu ya lori.