Kumbukumbu ya mradi: vyuma vya bafuni, vyuma gani kati yake vifungwe ethi ya ziada (waya unaounganisha vyuma ili visitofautiane volti)

Vyuma vya kupima ni vinne: bomba la shaba la maji baridi, la maji moto, sinki la chuma la kuogea na fremu ya alumini ya dirisha. Kufunga ethi kwenye kila kinachong'aa ni kosa. Chuma kilichojitenga na ardhi hakina neno. Kifungie ethi, na anayeshika kifaa chenye hitilafu huku akigusa chuma hicho atakuwa amekamilisha saketi.

Umeme umezimwa swichi kuu na kuhakikishwa kwa kipimo. Waya za zamani za ethi ya ziada zimefunguliwa, maana zikibaki kila chuma kitasoma karibu na sifuri. Mabomba yamejaa maji: bomba la plastiki likiwa tupu hutenga vizuri, likijaa maji hupitisha.

Kipimo cha kwanza ni mega (mita ya kupima ukinzani mkubwa), volti 500 DC, kati ya terminali kuu ya ethi na chuma. Mpaka ni omu 22,000: volti 230 kwa miliampea 10 ni omu 23,000, toa 1,000 za mwili wa binadamu. Chuma kinachozidi hapo huachwa; kilicho chini huenda kipimo cha pili. Angalia skrini. Mega inayosoma megaomu kwa desimali mbili itaonyesha 0.02 tu, na hapo huwezi kuamua. Tafuta inayosoma kiloomu.

Sinki (miguu na bomba la maji machafu ni plastiki) na fremu: zaidi ya megaomu 1. Vinaachwa. Maji baridi: omu 0.2, tayari limeshikwa na ethi kuu. Maji moto: omu 9,000, kwa sababu kuna kiungo cha plastiki njiani.

Kipimo cha pili huuliza kama chuma kilicho chini ya mpaka kimeshikwa na ethi kuu vya kutosha. Penye RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 kwenye saketi zote, kikomo chake ni volti 50 kwa ampea 0.03, yaani omu 1,667. Bomba la maji moto limezidi kikomo, linafungwa ethi ya ziada. (Bila RCD, breka ya B32 (ya ampea 32) hukata papo hapo kwa ampea 160, hivyo kikomo hushuka hadi omu 0.31.)

Waya wa kijani na njano wa milimita 4 za mraba umetoka bomba hadi bomba. Ndani ya paipu ya kinga 2.5 ingetosha. Rangi inakwanguliwa hadi shaba ionekane kabla ya klempu. Mita 2 za waya huo ni kama omu 0.01, kwa hiyo ukisoma omu 0.5 kwa kipimo cha miliampea 200, ukinzani wa nyaya za kipimo ukiwa umeshatolewa kwenye hesabu, tatizo liko kwenye klempu. Gusa bomba lenyewe, si klempu, la sivyo unapima waya tu.